Reli Mbili za Baba Daniel

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, nilikuwa nafua nguo nyuma ya nyumba yetu ya Gendabi, nikaingiza mkono kwenye mfuko wa suruali ya mume wangu nikatoa vifungo vya koti la mwanamke. Vilikuwa vya bluu, vinang'aa, na kimoja kilikuwa bado kinaning'inia na uzi wake. Mimi koti la bluu sikuwa nalo. Wifi yangu Regina alikuwa na koti moja tu, la kahawia, la kwendea kanisani. Nikavipanga vile vifungo juu ya jiwe la kufulia, nikavitazama kama mfugaji anavyotazama nyayo za fisi karibu na zizi.

Sogea karibu kidogo, maana sauti yangu siku hizi haifiki mbali. Nakuambia wewe uliyeolewa juzi, na wewe uliyeoa, na wewe ambaye bado unachagua. Mimi nimeshazeeka, sina haraka ya kwenda popote.

Miaka hiyo mkoa wetu wa Manyara ulikuwa haujazaliwa, tulikuwa watu wa Arusha. Biashara ilikuwa imefunguliwa. Maduka ya Katesh, ambayo tulizoea kuyaona na rafu tupu, yalijaa sabuni, vitenge na redio kaseti, na siku za mnada mitumba ilimwagwa chini kama magunzi. Lakini bidhaa haziji peke yake, huja na watu. Huyu ananunua dengu, yule anauliza habari za mawe ya vito, mwingine anatembea shambani kwa mtu huku anahesabu hatua. Gari geni likisimama Balangdalalu asubuhi, jioni watu wa kijiji cha Gehandu walishasema limekuja kupima ardhi. Tulijifunza kushuku, mwanangu, wakulima na wafugaji pia. Na mazoea hayo ya barabarani tukayaingiza mpaka ndani ya nyumba.

Mume wangu Emanueli alikuwa mtoto wa Mzee Akonaay, na alikuwa fundi kwenye karakana ya reli, katika mji mmoja wa reli ya kati, safari ya kupitia Singida. Huku kwetu treni hakuna. Watoto waliijua kwa picha ya kitabu cha shule. Kwa hiyo Emanueli alipokuja likizo, alikuja kama mtu aliyetoka nchi nyingine, na baba yake alitembea naye mnadani kifua mbele. Mzee alikuwa ameuza maksai wake wa kulimia ili kijana akasomee ufundi, na hakuna aliyewahi kumsikia akijutia.

Mwaka ule Emanueli alikuja na sanduku kubwa la bati na vyombo vyake vyote vya kazi. Akasema ana likizo ndefu. Nikafurahi. Alipopumzika kidogo akahamia kwenye stoo ya mahindi, akafunga mlango. Ukipita nje ulisikia nyundo ndogo ikigonga bati, na ulinusa risasi ya kuunganishia nyaya ikiungua. Mtoto wetu Daniel, aliyekuwa hajaanza shule, ndiye pekee aliyeruhusiwa kuingia.

"Baba anafanya nini humo?" nilimuuliza.

"Anatengeneza treni," akasema, kama vile anasema baba anakata majani ya ng'ombe.

Kweli, siku moja Emanueli aliniita nikaone. Alikuwa ameweka mbao juu ya magunia, upana wa mlango, na juu yake reli ya waya mnene iliyozunguka ikarudi ilikoanzia. Chini ya reli alipanga vijiti vya mataruma, yale magogo yanayobeba reli, kimoja kimoja, vyote vya urefu mmoja. Palikuwa na stesheni ya mbao yenye paa la bati, na mlima wa udongo alioufanya ufanane na Hanang. Mabehewa yalikuwa ya makopo ya mafuta ya kupikia, na magurudumu yake vizibo vya soda. Daniel akisukuma, treni inakwenda yote ikilialia. Mwanangu, nilipiga vigelegele. Nilisema mume wangu ana mikono ya kuombewa.

Lakini jicho langu likaona gunia lililofunika kitu pembeni. Nikauliza, "Na hiyo?"

"Hiyo bado," akasema, akasimama kati yangu na gunia.

Ni siku chache baadaye nilipovikuta vile vifungo. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Nikangoja aende Katesh, nikaingia stoo nikafunua gunia. Chini yake palikuwa na reli nyingine, ya aina ile ile lakini ndogo sana. Ile ya kwanza behewa lake lilikuwa kama tofali, hii behewa lake lilikuwa kama kiberiti. Reli zake zilikuwa za waya mwembamba, mataruma yake njiti, na stesheni ungeweza kuifunika kwa kiganja. Kichwa cha treni kilikuwa na mota iliyotolewa kwenye redio kaseti iliyokufa. Ubao wenyewe ulikuwa umekatwa katikati ukawekwa bawaba, na kwa juu kulikuwa na mshikio wa ngozi, kama sanduku la safari.

Nikasimama pale nikifikiri kwa utaratibu, maana sikuwa mjinga. Kubwa ni ya Daniel. Ndogo ni ya nani? Kitu kinachokunjika na kuwekwa mshikio, kinasafiri. Na kikisafiri kinakwenda alikotoka yeye. Kwa hiyo huko alikotoka kuna mtoto. Na penye mtoto kuna mama, na mama ana koti la bluu.

Nikamwita Regina. Hapo, mwanangu, sikufanya vizuri sana, maana wifi yangu alikuwa mwepesi wa moto. Alipoona ule ubao alishika kichwa.

"Kaka ana mtu huko! Nilijua. Mbona hata kwenda kazini hataki? Amegombana na huyo mtu, sasa anamtengenezea mtoto zawadi arudiwe."

"Taratibu, wifi. Hatujajua."

"Nini hatujajua? Unataka akuletee mtoto mlangoni ndipo ujue? Lete hapa. Kuna moto jikoni."

Akaubeba ubao akaenda nao jikoni, mimi nyuma yake. Makande yalikuwa yanachemka. Aliinama akasogeza sufuria pembeni ili apate nafasi, nami nikaona miali ikilamba hewa pale ambapo ile stesheni ndogo ingeanguka. Sitakudanganya, nilitaka kuona ikiungua. Lakini mkono wangu ukamshika mkono wake.

"Nikichoma," nikamwambia, "nitakuwa nimejua nini?"

Akanitazama kama mtu aliyenyimwa chakula. Nikachukua ule ubao, nikaurudisha chini ya gunia lake, nikaufunika vile vile ulivyokuwa.

Kesho yake tulikuwa tunapukuchua mahindi uani, mimi na Emanueli, jua likiwa juu, Daniel akicheza na magunzi. Nikaviweka vile vifungo vya bluu katikati yetu, juu ya mkeka.

"Baba Daniel, hivi ni vya nani?"

Akavitazama. Akacheka, kisha akaona kwamba mimi sicheki.

"Ni magurudumu," akasema. "Ya treni ndogo. Vizibo vya soda ni vikubwa, haviwezi. Nilinunua koti bovu kwenye mitumba, nikakata vifungo. Vingine nimevifunga leo asubuhi, nenda ukaone."

"Treni nimeshaiona. Niambie inakwenda kwa nani."

Mkono wake ukaendelea kupukuchua. Kisha akaniambia habari za Hamisi, mwenzake wa karakana, aliyeugua kifua akafariki. Hamisi alikuwa na binti, Salma, aliyependa treni kuliko watoto wote wa kambi ya reli. Baba yake alikuwa amemwahidi treni yake mwenyewe, na alipokuwa amelala hospitali alimwomba Emanueli aitimize ile ahadi.

"Ya Daniel ni kubwa kwa sababu haitoki hapa," akasema. "Ya Salma ni lazima iingie kwenye basi. Unafikiri ni rahisi? Kila kinachokubali kwenye ile kubwa kinakataa kwenye ndogo. Nilipunguza kona kama nilivyopunguza kila kitu, treni ikawa inaanguka kila ikifika pale. Ikabidi nivunje nianze tena."

Maneno yalikuwa mazuri. Lakini mtu akishazoea kutazama nyayo, hata njia iliyo wazi anaitilia mashaka. Niliamini nusu. Nikasema, "Vizuri. Ukiipeleka, nitakwenda nawe."

Na hapo, mwanangu, uso wa mume wangu ulibadilika. Kucha zake zilisimama kwenye gunzi. Akasema safari ni ngumu, barabara mbovu, mtoto ataachwa na nani, mahindi yatapukuchuliwa na nani. Kila alipotoa sababu, ile nusu niliyokuwa nimeiamini ilipungua. Nikamwambia Regina atabaki na Daniel. Nikaenda kukunja kitenge changu cha safari mbele ya macho yake.

Tulisafiri, ubao ukiwa juu ya mapaja yake njia nzima, umefungwa kwa shuka. Hakumwachia utingo auweke juu na mizigo. Mimi nilikaa dirishani nikipanga maneno nitakayomwambia huyo mwanamke. Nilikuwa na maneno ya kuanzia na maneno ya kumalizia, na katikati nilikuwa nimemwachia nafasi ajibu ili nimkate.

Mama Salma alikaa chumba kimoja nyuma ya kambi ya reli. Alikuwa amevaa vazi jeusi lililochakaa. Aliponiona nyuma ya Emanueli alisimama mlangoni bila kutukaribisha, akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, nami nikamtazama vivyo hivyo. Baadaye sana aliniambia kwamba alidhani nimekuja kumpiga, kwa sababu mjane akitembelewa na mwanamume majirani hawakosi maneno, na yalikuwa yameshamfikia. Basi ndivyo tulivyosimama, wanawake wawili, kila mmoja anamshuku mwenzake kwa jambo lile lile.

Kisha binti akatoka ndani akasema, "Shikamoo mama."

"Marahaba," nikajibu, na macho yangu yakaenda moja kwa moja kwenye masikio yake. Usinicheke! Ukoo wa mume wangu wote wana masikio yaliyochomoza, kuanzia Mzee mwenyewe mpaka Daniel. Ya yule mtoto yalikuwa madogo, yamelala. Ukutani palikuwa na picha ya marehemu Hamisi, na yalikuwa yale yale. Kitu kizito kilinitoka kifuani. Nikamshika yule mtoto kichwani, nikakaa kwenye mkeka bila kukaribishwa, na Mama Salma alipoona nimekaa, naye akapumua akaweka maji ya chai.

Emanueli akaufungua ubao sakafuni. Akaunganisha betri. Treni ikaanza kwenda, kwa sauti kama ya mbu, magurudumu yake ya bluu yakizunguka. Salma akalala kifudifudi, shavu chini, ili aione ikimjia. Mama yake akaweka upindo wa mtandio mdomoni. Mimi nikajisemea moyoni, haya yamekwisha, nilishuku bure, nitamwomba mume wangu radhi tukiwa njiani.

Ndipo Mama Salma akamgeukia na kusema kwa huruma, "Baba Daniel, pole sana na mambo ya kazi. Hata waliobaki hawana raha. Wanasema wakija kupunguza tena, ni zamu yao."

Treni ikaendelea kuzunguka. Nikamtazama mume wangu, naye alikuwa anaitazama treni.

Unaelewa, mwanangu? Mashirika ya umma yalikuwa yanapunguza watu, tulikuwa tunasikia redioni kila siku. Mume wangu alikuwa amerudi nyumbani na vyombo vyake vyote vya kazi. Alikuwa kwenye likizo isiyokwisha. Yote hayo yalikuwa mbele yangu, mchana kweupe, nami nikayaruka nikaenda kuokota vifungo. Nilijua kuna jambo, na kweli lilikuwepo, ila mimi nilikuwa nalitafutia mwanamke.

Tulipofika Singida kubadilisha basi, tuliingia mgahawani kunywa chai. Nikamuuliza, "Tangu lini?"

"Kabla ya Pasaka."

"Na mimi ningeambiwa lini?"

"Kila siku nilisema ni kesho." Alikuwa anazungusha kikombe bila kunywa. "Mama Daniel, ningemwambiaje Baba? Alitoa maksai. Mnadani bado anawaambia watu mwanangu ni fundi wa reli. Nilisema nimalize kwanza ya Daniel. Nikaimaliza. Nikasema nimalize na ya Salma."

Hasira niliyoipata pale ilikuwa kubwa kuliko ile ya vifungo. Mwanamke mwingine ningemwelewa, ni adui ninayemjua. Lakini kuficha njaa inayokuja, huku mimi nagawa mahindi kwa majirani kama mke wa mtu mwenye mshahara! Sikupiga kelele, palikuwa na watu. Nilimwambia jambo moja tu: tukifika, atamwambia baba yake mwenyewe, mimi nikiwepo.

Tulimkuta Mzee Akonaay karibu na zizi, anachonga mpini wa jembe. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia bila kuinua uso. Emanueli alisimama kama mtoto aliyepoteza ndama. Akasema yote. Mzee hakumkatiza. Alichonga mpaka maneno yakaisha, kisha akaweka panga chini.

"Mwanangu," akasema, "umejenga reli mbili ili usiseme neno moja."

Emanueli akainamisha kichwa.

"Ulidhani nitawalilia maksai? Maksai nilimtolea mtoto, sikuitolea karakana. Kazi inaweza kumfukuza mtu. Mimi nilikufukuza lini? Mficha uchi hazai. Ungesema ulipofika, tungelima lile shamba la chini pamoja. Sasa limeota majani, na mvua haitakusubiri umalize treni."

Kisha akanigeukia mimi. Nilidhani nitasifiwa.

"Na wewe mama, nimesikia habari za jikoni. Regina hajui kunyamaza. Uliuzuia moto, hapo ulifanya vizuri. Uliuliza, hapo pia. Lakini mume wako tangu arudi amekonda, suruali anaifunga kwa kamba, wewe ukapekua mfuko wa suruali hiyo hiyo usione kamba. Ulichunguza vitu. Mtu mwenyewe hukumchunguza."

Niliiona ile kamba. Niliifua pamoja na suruali.

Mzee akachukua panga lake, akasema tu, "Maksai wa jirani nimeshawaomba. Kesho tunalima." Na kesho yake tulilima, wote, hata Regina, aliyenung'unika mpaka mwisho wa shamba. Haikuwa rahisi. Mwaka ule tulikula tulichovuna tu, na kuna miezi tulikula kidogo. Emanueli alianza kutengeneza majembe ya kukokotwa na ng'ombe ya watu wa Gendabi, akaongeza na kutengeneza redio, na mkoa mpya ulipokuja kutangazwa alikuwa na kibanda chake Katesh, wanamwita Fundi Reli, jina ambalo wengi hawakujua limetoka wapi. Mama Salma nilimwandikia, akanijibu, tukawa ndugu. Mume wangu sasa amelala kwenye makaburi ya kanisa letu. Hakuwahi kunificha jambo tena, au kama alinificha, alinificha vizuri.

Sasa nikuambie kilichonifanya nikuite. Sikukatazi kushuku. Nimesikia wahubiri wakisema mashaka ni dhambi, mimi sisemi hivyo, maana mashaka yangu yalikuwa sahihi kwamba kuna kitu. Ninachokuambia ni kwamba mashaka yanajua kuamka lakini hayajui njia. Ukiyafuata yenyewe, yatakupeleka kwenye kile unachokiogopa, si kwenye kile kilichopo. Ninyi wa siku hizi mnapekuana simu. Unafungua simu ya mwenzako amelala, unatafuta jina la mtu, huoni kwamba aliyelala hapo hajala vizuri tangu wiki iliyopita. Mtazame kwanza yeye. Mtazame anavyokula, anavyokaa, anavyoamka. Kisha muulize, mchana, mkiwa mmekaa, kabla hujamuuliza wifi wala jirani. Akikujibu nusu, muulize ile nusu nyingine. Na kabla hujateketeza kitu cha mtu, jiulize utakuwa umejua nini.

Na wewe unayeficha kwa sababu unaona aibu, usimwachie mtu baki alitoe jambo lako mbele ya mkeo au mumeo. Liseme likiwa bado dogo. Waliokupenda kabla hujapata kazi hawakuipenda kazi.

Haya, nenda mwanangu, maziwa yanangoja kukamuliwa. Mungu akupe macho ya kumwona aliye karibu nawe, na ulimi usioogopa. Mvua ikukute umeshalima. Nyumba yako ikae na amani, na wazee wako waishi wakuone ukiwa mzee. Amina.